Shimo la Jino la Kushoto

Jumanne, 4 Juni

Malori mawili asubuhi, moja mchana. Alizeti tupu. Magunia yote lumbesa, yamejazwa mpaka yameota kichwa, na nyapara anayaita magunia ya kawaida. Mgongo haulalamiki tena, umeshazoea kuonewa. Kinacholalamika ni kinywa.

Leo ni siku ya kumi na tano tangu jino litoke. Jino la chini, kushoto, la mwisho kabisa. Ningekuwa nimeshalisahau. Badala yake nina shimo. Chakula kinaingia, kinakaa, kinaoza humo. Nanuka. Najua nanuka kwa sababu wenzangu siku hizi wananisalimia huku wakiangalia lori.

Aliyeling'oa ni mtu wa mnadani, mwenye meza ya koleo na dawa za unga. Aliniuliza ni jino lipi. Hakuuliza kingine. Nami sikumwambia kwamba nina kisukari. Nani anamweleza mtu wa mnadani habari za damu yake? Nilitaka maumivu yaishe nirudi kazini kwenye mashine ya kukamua alizeti saa nane. Na saa nane nilikuwa nimerudi. Nilijisifu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Mkumbo kaniletea asali. Mkumbo ni mbebaji mwenzangu, Mnyiramba wa hapahapa Shelui, ana mdomo mrefu lakini roho yake si mbaya. Asali ya nyuki wadogo, shemeji yake anairina huko Itigi. Iko kwenye chupa ya soda. Akasema nichovye pamba, nishindilie shimoni, siku tatu nitakuwa mtu.

"Muha, hii ilimponya baba yangu mguu."

Hapa naitwa Muha, kabila langu la Kigoma. Huu ni mwaka wa nne tangu nifike hapa na hakuna anayelitumia jina langu.

Nikashindilia. Utamu mpaka masikioni. Kutwa nimebeba magunia huku nameza asali kama mtoto siku ya sikukuu. Maumivu yalipungua kidogo. Mchana nikamwona Mkumbo daktari mkubwa.

Jumamosi, 8 Juni

Kiu. Kiu ya ajabu. Nakunywa, nakojoa, nakunywa tena. Macho yanaona ukungu. Shavu limevimba mpaka jicho limekuwa dogo.

Saa nne uji ulipokuja, Mkumbo akanywa kwanza kwenye kikombe tunachochangia, halafu akaniruka, akampa aliyekaa baada yangu. Mkumbo huyohuyo wa asali. Niliangalia mikono yangu tu. Kidogo nimpige.

Halafu nyapara Kingu akaniita pembeni. Jumatatu niende kutibiwa au nisije kabisa. Eti dereva mmoja amelalamika kuhusu harufu. Dereva! Mtu anayelala wiki nzima na soksi zake kwenye kibanda cha lori, ndiye wa kuninusa mimi.

Jumatatu, 10 Juni

Kituo cha afya. Foleni ya wajawazito na watoto, na mimi katikati nimeziba mdomo kwa leso.

Tabibu wa meno ni binti. Analingana na mtoto wangu wa pili. Akasema shikamoo mzee, nikaitikia marahaba, na heshima ikaishia hapo. Kufungua tu kinywa, akaniuliza mara moja: "Mzee, una sukari?"

Nikakubali. Wakanitoboa kidole. Sukari kumi na tisa, na kawaida haifiki kumi. Akaiangalia ile mashine ndogo ya kupimia, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Akauliza kama nameza vidonge. Nikasema nameza. Sikusema kwamba palipoandikwa viwili nameza kimoja, na siku za malori mengi simezi kabisa, kwa sababu vinachafua tumbo nikiwa na mzigo mgongoni.

Akaichomoa ile pamba ya asali. Ilikuwa nyeusi. Niliinusa mwenyewe kwa mara ya kwanza, nikataka kutoka nje nisirudi.

Nilitegemea aicheke asali. Hakuicheka. Akasema iko asali safi ya hospitali, inawekwa kwenye vidonda vingine, hata vya miguu. Lakini hii imetoka kwenye chupa ya soda, imekaa kwenye pamba chafu, na iko kinywani, naimeza kutwa, na damu yangu tayari imejaa sukari. Aliongea polepole kama anamfundisha mtoto. Hilo ndilo lililonikera. Darasa la sita nilifika mimi.

Akaosha shimo kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi. Akakata kipande chembamba cha gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, akakichovya kwenye dawa inayonukia karafuu, akakipanga shimoni taratibu kwa kibano. Masharti: nisiiguse kwa kidole, nisivute sigara, nisiweke ugoro, nitafune upande wa kulia, nirudi kila baada ya siku mbili aibadilishe. Bila gozi, kila kinachoingia kinywani kitalala juu ya mfupa. Na bila kushusha sukari, gozi haitasaidia kitu, nyama haitashika.

Nikampa ahadi zote. Ni rahisi kuahidi mdomo ukiwa wazi na huwezi kuongea.

Jumatano, 12 Juni

Gozi imetoka. Nusu ilikuwa inaning'inia, nusu sijui nimeimeza. Binti akasema nimeichezea. Nikasema sijaigusa. Akaosha, akaweka nyingine. Kingu alinipa saa moja, nikatumia mbili kwa sababu ya foleni. Amenuna. Na anune.

Ijumaa, 14 Juni

Imetoka tena. Na leo kuna jipya. Alipokuwa anasafisha, kibano kikatoka na uzi. Uzi mweupe wa sandarusi, haya magunia ya plastiki, mrefu kama kidole. Akauweka kwenye kisahani, akausogeza mbele yangu. Halafu akatoa ganda la alizeti. Halafu uzi mwingine.

"Baba, hivi vinafika vipi huko chini?"

Nikasema labda upepo. Mashineni kila kitu kinaruka, makapi yanaingia mpaka kwenye kope. Akasema upepo hauingizi uzi kwenye shimo lililozibwa. Akauliza kama nachokonoa kwa uzi wa gunia. Nikasema hapana. Akaandika kitu kwenye kadi yangu. Nilikisoma nikiwa nje. Kaandika kwamba mgonjwa hafuati masharti.

Nilisimama na ile kadi barabarani mpaka malori matatu yakapita. Mimi ninayetafuna upande wa kulia. Bila sigara, na nilikuwa mvutaji wa miaka ishirini. Hafuati masharti!

Jumatatu, 17 Juni

Nimegombana na mtoto wa watu.

Alimulika tochi. Akanipa kioo nijionee. Chini ya shimo kuna kitu cheupe kama punje ya mhindi. Nikadhani ni chakula. Akasema ni mfupa wa taya. Umekaa wazi, mkavu, hata damu hautoi. Akasema atanipa muda mpaka mwanzo wa Julai. Ikifika hapo nyama haijaufunika, ataniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Singida mjini, wakate sehemu iliyokufa. Kiasi gani kitakatwa hawezi kujua. Kwa mwenye sukari kama yangu, alisema, ukishaanza kukata unaweza kujikuta unaendelea.

Na gozi ilikuwa imetoka tena. Na uzi tena.

Akasema, "Baba, unanidanganya, na taya ni lako." Mbele ya muuguzi na mama mmoja mwenye mtoto.

Nikasimama na kile kitambaa cha kijani wanachomfunga mgonjwa kifuani, bado hakijafunguliwa. Nikamwambia mimi si mwongo. Nikamwambia yeye anakaa kwenye kiti, mimi nabeba. Nikamwambia gozi zake mbovu, hazishiki, aende akasome tena. Mtoto wa yule mama akaanza kulia. Nikatoka. Nilipofika njia panda ndipo nikagundua nimevaa kile kitambaa cha kijani shingoni. Nimekitupa. Halafu nimerudi kukiokota, maana si changu.

Jumanne, 18 Juni

Malori manne. Nimebeba kama kichaa. Kila gunia nililitupa chini kwa nguvu. Kingu akauliza nani amenichokoza. Wote, nikasema.

Jumatano, 19 Juni

Siku ya kusafisha kidonda. Sikwenda.

Alhamisi, 20 Juni

Inabidi niandike hili vizuri.

Sisi wabebaji tunavaa kofia ya gunia. Unachukua sandarusi tupu, unaikunja pembe moja iingie ndani ya nyingine, unaitupia kichwani. Inafunika shingo na mgongo, makapi hayawashi na mzigo hauchubui. Lakini inateleza. Kwa hiyo ile pembe ya chini unaiuma kwa meno. Unaiuma, unainama, wanakupandishia lumbesa, unanyanyuka, unapanda ubao wa lori, unatua, unaachia. Kila gunia. Nimefanya hivyo Kahama kwenye mpunga, nimefanya hivyo hapa miaka minne. Hakuna aliyenifundisha na hakuna anayeliwaza. Ni kama kupumua.

Leo Mama Eliya, mjane wa Nduguti anayeshona midomo ya magunia, alikuwa amekaa karibu na ubao na sindano yake ya shazia. Nikapita mara tano, sita. Mara ya saba akaniita.

"Baba, hilo gunia ni tamu? Mbona unalila kwa upande unaokuuma?"

Wanawake wenzake wakacheka. Mimi nikabaki na lumbesa mgongoni, nimesimama katikati ya ubao. Nyuma yangu Mkumbo anapiga kelele, sogea, sogea. Sikusogea. Nilikuwa najisikiliza kinywa.

Kushoto. Mzigo unakaa bega la kulia, kwa hiyo kofia naivuta kushoto. Ile pembe inalala juu ya shimo hasa. Meno ya mbele ya shimo yanaibana, na sandarusi inasuguana na gozi, inaivuta, inaacha nyuzi zake. Mara mia kwa siku. Zaidi ya mia.

Nilitua lile gunia, nikakaa juu yake. Nilitaka kumtukana mtu. Nikatafuta nani. Binti alisema kweli, na mimi nilisema kweli, na taya linaoza katikati ya kweli zetu mbili. Hasira ilinipanda. Siku kumi! Siku kumi napigania dawa kwa mkono mmoja na kuing'oa kwa meno.

Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda asubuhi kabla ya kazi. Nilirudisha kile kitambaa cha kijani, nimekifua. Binti akanisalimia bila kunitazama.

Nikachukua shuka la kitanda cha wagonjwa, nikalikunja pembe ndani ya pembe, nikalitupia kichwani, nikauma. Nikainama kama napokea mzigo. Muuguzi akaangua kicheko. Binti hakucheka. Akaleta tochi, akainama ubavuni mwangu, akanivuta shavu, akatazama shuka linapopita.

"Mnafanya hivi wote?"

Wote.

"Mara ngapi kwa siku?"

Kila gunia.

Akakaa kwenye kiti chake. Akasema aliuliza sigara, akauliza ugoro, akauliza kidole. Gunia hakuuliza. Halafu akasema, "Nisamehe, baba. Nilikuita mwongo mbele za watu."

Ningeweza kuishia hapo, nikatoka na ushindi wangu. Lakini ile samahani ilinichoma. Nikamwambia kuhusu vidonge. Kimoja badala ya viwili, na siku nyingine hakuna. Nikamwambia kwa hiyo mwongo ni mimi kweli, ila si kwa gozi.

Nikasubiri anifokee. Akauliza tu navimeza saa ngapi. Alfajiri, nikasema, na maji, kabla ya kitu chochote. Akasema ndiyo maana tumbo linachafuka, vinatakiwa kumezwa pamoja na chakula. Miaka miwili nina vidonge hivyo na hilo sikulijua. Huenda niliambiwa. Huenda nilikuwa na haraka. Akanipeleka chumba cha pili kwa daktari wa sukari, naye akanibadilishia kipimo cha vidonge, akaniuliza kuhusu uji. Uji wa mashineni una sukari ya kijiko kusimama. Nikamwambia ukweli wote. Leo nilikuwa kama mtu aliyelewa, kila nilichoulizwa nilijibu.

Gozi mpya. Mfupa bado mweupe.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeifunga kofia kwa kamba ya kiatu chini ya kidevu. Mkumbo aliponiona akapiga vigelegele.

"Jamani, bi harusi wa Kigoma kafika!"

Mpaka madereva wakacheka. Wakaongea Kinyiramba, lugha wanayotumia wakitaka nisisikie, wakacheka tena. Niliwaacha.

Kamba si tatizo. Tatizo ni taya. Kila nikiinama, taya linafumbata lenyewe. Halina pembe ya gunia, basi linauma kamba. Nikiiweka kamba nyuma, linasaga meno kwa meno, mpaka nasikia gozi inahama. Nalikataza, linafanya. Mwili huu ni wa nani? Nimeulisha miaka hamsini na mbili na haunisikilizi kwa jambo moja dogo.

Jioni gozi ilikuwa imeshuka nusu. Nimeirudisha kwa kidole. Sharti la kwanza kabisa. Nimekaa nikajichukia.

Jumatatu, 24 Juni

Binti alisema wazi: siwezi kubeba na kupona kwa wakati mmoja. Kamba isingesaidia, kwa sababu kila anayenyanyua mzigo mzito anakaza taya. Akaandika barua kwa nyapara.

Kingu akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Akasema hii si hospitali. Nikamwambia nipe kushona magunia. Akacheka, akadhani natania. Nikarudia. Akasema ile ni kazi ya akina mama. Nikamwambia najua ni ya nani, macho ninayo.

Nilimwomba mara tatu. Sijamwomba mtu kitu mara tatu tangu baba yangu afe. Mara ya tatu Mama Eliya akasikia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Kingu mwanangu, tupe huyo baba, magunia yamelundikana huku." Kingu ni mtu mzima mwenye wake wawili, lakini mbele ya Mama Eliya anakuwa mtoto. Akasema haya, mpaka apone.

Nimepewa shazia. Nimekaa chini na wanawake wanne. Uso ulikuwa wa moto kama jiko.

Jumatano, 26 Juni

Gozi haijatoka! Imekaa pale alipoiweka, siku mbili kamili. Binti aliitoa kwa kibano kipande kizima, akakinyoosha kwenye mwanga. Hakuna uzi. Hakuna ganda. Sikujua mtu anaweza kufurahia kitambaa kichafu kiasi hicho.

Sukari kumi na mbili. Uji wa saa nne naukataa. Nakula ugali wa mtama nyumbani asubuhi na mlenda, nameza vidonge hapohapo. Tumbo limetulia. Miaka miwili nimelilaumu bure.

Mfupa bado unaonekana. Pembeni yake kuna kitu chekundu, akasema tusiseme kitu kwanza.

Ijumaa, 28 Juni

Imekaa tena. Kile chekundu kimesogea. Binti anasema ni nyama changa. Anaibadilisha gozi kwa upole zaidi sasa, anailowesha kwanza, ili ising'oe kilichoota. Amesema Jumatatu ndiyo siku ya kuamua.

Nilimpigia simu Mama Jeni, mke wangu, kule nyumbani Kasulu. Nilitaka kumwambia habari ya taya. Nikamwambia hali ya hewa.

Jumamosi, 29 Juni

Nimeharibu.

Lori la Nzega lilifika likiwa limechelewa, wabebaji wawili hawakuja. Mkumbo akapita mbele yetu na lumbesa, akageuza kichwa, akasema, "Bi Muha, na mimi nishonee suruali." Wanawake hawakucheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Walinionea huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoninyanyua.

Nilitupa shazia. Nikaenda kwenye lundo, nikainama, nikawaambia wanipandishie. Mama Eliya akasema, "Baba, usifanye hivyo." Wakanipandishia. Nikapanda ubao. Nikatua. Nikarudi. Nikabeba manane. Sikuwa na kofia, sikuwa na kamba, nilibeba kwa hasira tupu, meno yamefumbatana kama mtego.

Kwenye la nane nikasikia joto kinywani. Nikatema. Damu. Si ya mate, damu ya kutosha. Na ndani yake gozi, imesokotwa kama kitambi cha taa.

Mkumbo aliiona ile damu. Akaacha mzigo wake. Akaniletea maji ya kusukutua, kwenye kikombe. Kikombe chetu kile cha uji. Sikukipokea. Nilikuwa bado na hasira, na sasa ilikuwa yangu yote, hakuna wa kumgawia hata kidogo. Siku mbili kabla ya siku ya kuamua! Mfupa mmoja nimeuuza kwa neno suruali.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani. Sikutaka kufungua kinywa kwa jambo lolote.

Jumatatu, 1 Julai

Nilimwambia mwenyewe kabla hajauliza. Magunia manane, bila gozi tangu Jumamosi, nimesukutua kwa maji ya chumvi tu. Sikueleza kwa nini. Hakuna sababu yenye maana ukiisema mbele ya mtu mwenye kibano.

Hakunigombeza. Akavaa glovu, akawasha tochi. Muuguzi alikuwa ameshaweka kalamu na karatasi ya barua ya Singida mezani. Niliiona. Niliiangalia ile karatasi badala ya kumwangalia yeye.

Akaosha. Akagusa kwa kibano. Damu ikatoka. Nikafumba macho.

"Baba, fumbua macho. Inatoka damu."

Nikamwambia nasikia.

"Wiki mbili zilizopita haikutoka hata tone. Mfupa mtupu hautoi damu. Hii ni nyama."

Akanipa kioo. Ile punje ya mhindi imebaki ncha kama ya sindano, kote kumezungukwa na wekundu. Juu pamechubuka, kazi yangu ya Jumamosi. Akasema kama ningebeba siku mbili zaidi angeandika ile barua. Akaichukua karatasi, akairudisha kwenye droo. Akaweka gozi. Sukari kumi.

Nje nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa na hasira na yeye kwa kunipa habari nzuri kwa sauti ya kawaida vile. Halafu nikaona hiyo siyo hasira. Nikasubiri ipite.

Jumatano, 10 Julai

Mfupa hauonekani. Gozi sasa ni ndogo kama ukucha, inabadilishwa kila baada ya siku tatu.

Mkumbo amekuja kukaa na sisi wakati wa chakula. Aliniuliza sukari inapimwaje, kwa sababu siku hizi naye anakunywa maji mengi. Nikamwambia aende akatobolewe kidole. Akasema anaogopa. Lile jitu linalobeba magunia mawili linaogopa kidole. Nikamwambia nitakwenda naye Ijumaa. Nilimwambia kwa ukali, ndivyo ninavyojua.

Jumatatu, 15 Julai

Binti ameitoa gozi na hakukata nyingine. Alisafisha, akagusa pande zote, akavua glovu. Maji ya chumvi asubuhi na jioni, vidonge pamoja na chakula, nirudi baada ya wiki mbili. Kubeba bado. Nilisema sawa. Alikuwa ameshajiandaa nibishe, nikamwona.

Nilirudi mashineni kwa miguu. Upepo ulikuwa mwingi, makapi ya alizeti yamefunika barabara. Nimeshona mpaka saa kumi na moja. Mishono yangu imenyooka sasa, Mama Eliya hairudii.

Jioni nimekula ugali na mlenda, nimesukutua, nimekaa mlangoni kabla jua halijazama. Hakuna ladha ya karafuu. Hakuna harufu. Kinywani kuna mate tu.